Ubao Uliosuguliwa Mno

Okal hakuwa mchoraji, na mtu akimwita hivyo alimsahihisha palepale. "Mimi natengeneza mahali pa kuchora," alisema. Lakini pale Busia, upande wetu wa Kenya, nyuma ya kinu cha posho kwenye barabara ya kwenda forodhani, watu wengi hawakuona tofauti. Waliona mzee mrefu mwenye unga mweupe hadi kwenye nyusi, wakadhani ni mtu wa kinuni. Akina mama wenye magunia ya mahindi walikuwa wakichungulia mlangoni mwake na kumwuliza, "Mzee, foleni ni ndefu?"

"Foleni ya nini? Hii ni chaki, mama. Ukipika ugali yake utalala mortuari."

Aliyemwajiri alikuwa Mwalimu Olinga, Mteso wa Amagoro. Olinga alikwenda kusomea uchoraji Kampala akiwa kijana, akafundisha huko, na mwaka 1971 mambo ya ng'ambo ile yalipoanza kuharibika akarudi nyumbani na sanduku moja la nguo na mawili ya rangi za mafuta. Makanisa yakampa kazi, na mashule, na matajiri waliotaka sura za baba zao zikae sebuleni. Alikodi chumba cha udongo chenye paa la bati, akatafuta fundi wa kumtengenezea mbao. Akampata Okal, seremala aliyetoka ufukweni mwa ziwa, ambaye wakati huo alikuwa anatengeneza vitanda na majeneza na hakufurahia kimoja wala kingine.

Nivumilie kidogo nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu usipoijua hutaelewa ni kwa nini mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye wajukuu, alikonda kwa ajili ya ubao.

Rangi ya mafuta haipakwi tu kwenye mti. Ukiipaka hivyo, mti unanyonya mafuta yote, rangi inabaki kavu kama vumbi la barabara na baada ya mwaka inaanguka. Kwanza unachagua ubao wa mvule uliokauka vizuri. Unaupaka gundi mbele na nyuma. Nyuma pia, maana ukipaka upande mmoja ubao unapinda kama samaki kwenye kikaango. Unaweka kitambaa cha marekani juu yake, ukikibembeleza kwa kiganja mpaka hewa yote itoke. Halafu unasaga chaki. Olinga alikuwa anakusanya vipande vya chaki mashuleni, vile vifupi ambavyo walimu hutupa. Unachanganya unga wa chaki na gundi ya moto, unapaka. Ikikauka unapaka tena, lakini sasa kwa kukata ile ya kwanza, kama mtu anayesuka mkeka. Mara sita, mara saba. Mwisho unachukua msasa unasugua, na hapo ndipo penye akili. Ukisugua kidogo, ubao una makovu. Ukisugua sana, unateleza, na rangi haina pa kushika. Olinga alikuwa akisema ubao mzuri unapaswa kubaki na meno madogomadogo, usiyoyaona kwa jicho lakini kidole kinayajua.

Na gundi yenyewe! Ile ni gundi ya ngozi ya ng'ombe, vipande vikavu vya rangi ya kahawia. Vinalazwa ndani ya maji mpaka vivimbe, kisha vinapashwa moto kwenye sufuria iliyo ndani ya sufuria nyingine yenye maji. Ikichemka imekufa. Ikiwa nyepesi chaki itatoka kwenye ubao kama unga wa muhogo. Ikiwa kali ubao utapasuka siku jua litakapoingia dirishani. Kipimo chake Okal alikuwa nacho kichwani tu. Siku ya kupika gundi aligeukia ukuta, akaficha sufuria kwa mgongo wake mpana. Hata Mwalimu hakuwahi kuona.

Miaka sita walifanya kazi namna hiyo. Okal alisimamisha ubao ukutani, Olinga akaja, akaweka brashi, akachora. Hakuwahi kusema ubao ni mzuri. Hakuwahi kusema ni mbaya. Okal aliupokea ule ukimya kama mshahara wa pili.

Ikaja masika ya mwaka 1977. Mvua ilipiga mpaka ukuta wa nyuma wa kile chumba ukameguka, na Olinga akaagiza mtu wa kuusiriba. Akaja mwanamke kutoka upande wa Malaba, jina lake Apeduno, mama wa watoto watano, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa na sifa huko kwao. Ilisemwa kwamba nyumba aliyoisiriba Apeduno, hata mchwa huizunguka kwa heshima. Alikuja na madebe matatu: udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, na majivu yaliyochungwa. Na ndani ya fundo la kanga alikuwa na jiwe la mtoni, jeusi, laini, kubwa kama yai la bata.

Akakandika, akasiriba, akaacha pakauke, akaziba nyufa, akasiriba tena. Siku ya nne akatoa lile jiwe akaanza kusugua ukuta kwa duara ndogondogo, huku akiimba kwa pua. Okal alikuwa pembeni anasaga chaki. Alimwona, hakumjali. Ukuta ni ukuta.

Mwalimu Olinga akaingia. Akasimama. Akaenda mpaka ukutani, akaweka kiganja, akakipitisha taratibu kutoka juu mpaka kiunoni mwake, kama mtu anayempapasa ndama.

"Mama," akasema, "huu ukuta ningeuchora hivihivi."

Apeduno akacheka. "Uchore, Mwalimu. Lakini mvua ikija usiseme ni mimi."

Hapo ndipo kitu kilipomwingia Okal. Mkono wake ukasimama juu ya jiwe la kusagia. Miaka sita! Mbao mia na kitu! Na siku moja tu, hata siku moja, Mwalimu hajawahi kuweka kiganja chake juu ya ubao wa Okal namna ile. Leo amepapasa mavi ya ng'ombe.

Akaendelea kusaga. Lakini ilikuwa kama amemeza mwiba wa samaki ningu: haushuki, haupandi.

Nyumbani, mkewe Phelister aligundua kabla ya ugali kuiva. Phelister alikuwa mwanamke wa Ugenya, muuza samaki sokoni, na ulimi wake ulikuwa umenolewa na wateja wa miaka ishirini.

"Huyo mwanamke hajui hata kushika brashi," Okal alisema.

"Mwanamke gani?"

"Huyo wa Malaba. Ati jiwe. Jiwe! Fundi gani anatumia jiwe?"

Phelister akakoroga. Okal akasema tena kuhusu mikono yake, kuhusu kuimba kwa pua, kuhusu majivu. Phelister akaweka mwiko chini.

"Baba Ouko, umemtaja huyo mama mara saba na mimi hata sijageuza ugali. Kuna nini huko kwenye chaki?"

"Hakuna kitu, nyar Ugenya."

"Ni mzuri?"

"Nani?"

"Si huyo mwenye mikono."

Okal akakasirika kweli. Alieleza, akajaribu kusema ni jambo la ukuta, ni jambo la kiganja cha Mwalimu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo. Siku tatu Phelister alimpakulia mkia wa samaki tu. Kwa hiyo wivu ukawa umelala pande mbili za kitanda kimoja, na hakuna aliyeweza kumcheka mwenzake.

Ukuta ulipokwisha Apeduno hakwenda zake. Olinga alimpa ubao mdogo, wa ukubwa wa sinia, ajaribu. "Mwonyeshe, Okal," alisema, "mkono wa huyu mama ni mwepesi." Okal akamwonyesha msasa, huku akilicheka lile jiwe lake, akamwonyesha kukata tabaka juu ya tabaka. Gundi alimpa ikiwa tayari, ndani ya kopo. Apeduno hakuuliza imepikwaje. Alifanya ubao wa kwanza, Olinga akachora juu yake kichwa cha mzee mmoja wa Matayos. Ukamfaa. Akafanya wa pili. Ukamfaa pia. Na kila alipopokea ubao wa yule mama, Olinga aliupapasa kwanza.

Okal akaanza kuhesabu ile mipapaso. Hiyo ndiyo tabia ya wivu, ndugu yangu: unakuwa karani wa furaha ya mwenzio.

Alijaribu mbinu zake. Asubuhi moja aliacha ubao wake mwenyewe mlangoni kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kuugusa. Olinga alifika, akauinua, akauegemeza ukutani, akapita. Siku nyingine Okal alisugua ubao mmoja kutwa nzima, akaupuliza vumbi, akasema kwa sauti, "Huu umekubali leo." Olinga akajibu, "Haya," huku macho yake yako kwenye tyubu la rangi lililoganda.

Mwezi wa sita ikaja kazi kubwa. Parokia moja upande wa Matayos ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na kamati ilitaka picha ya kuwekwa nyuma ya altare: Petro na wenzake wanavuta wavu uliojaa samaki. Ubao wenyewe ulikuwa mkubwa kama mlango wa ghala, mbao nne za mvule zilizounganishwa. Kuziunganisha ilikuwa kazi ya Okal, naye aliziunganisha vizuri hata ukipitisha wembe haupati njia. Alipomaliza akaanza kuloweka vipande vya gundi, maana mbao kubwa zote zilikuwa zake tangu mwanzo, na hii ilikuwa kubwa kuliko zote. Tena wavu, tena samaki. Nani mwingine pale alizaliwa karibu na wavu?

Olinga akamwita kando.

"Okal, huu tumpatie mama Apeduno aufanye."

Okal akasikia, na hakusikia.

"Wewe utapika gundi, utasaga. Lakini kupaka na kusugua afanye yeye. Mimi nakwenda Nairobi kutafuta rangi. Kampala siku hizi hata bluu hakuna. Nitakaa wiki mbili. Akikwama, atakuuliza."

"Atauliza mimi."

"Si wewe ndiye mwenye kazi?"

Okal akasema ndiyo, ni mimi. Olinga akapanda gari la Nairobi asubuhi iliyofuata.

Ukweli ni kwamba Apeduno alifanya vizuri. Okal alitafuta kosa, akakosa. Kitambaa kilikaa bila tumbo. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu, kila moja lilikata lenzake sawasawa. Alikuwa anapima ukavu kwa shavu, si kwa kidole, akiweka upande wa uso wake kwenye ubao kama mtu anayesikiliza mlango. Okal hakuwahi kufikiria shavu. Alijaribu siku moja Apeduno alipokwenda kununua chumvi, akaona ni kweli, shavu linajua unyevu upesi kuliko kidole. Akajifuta chaki usoni kwa haraka, kama mwizi.

Baada ya tabaka la saba ukafika wakati wa kusugua. Siku mbili Apeduno alitumia msasa, na jioni ya siku ya pili ubao ulikuwa tayari. Okal aliuona kutoka mlangoni. Ulikuwa mweupe, umetulia, hauna kovu, na aliposogea akapitisha kidole, kiliyakuta yale meno madogo yote mahali pake.

Apeduno akageuka. "Mzee, ninaona kama imetosha. Ama?"

Jibu lilikuwa neno moja. Okal alikuwa nalo mdomoni. Lakini aliona mbele yake Olinga akirudi kutoka Nairobi, akitupa mkoba chini, akienda moja kwa moja kwenye ule ubao na kiganja kimefunguliwa.

"Bado," akasema.

"Bado?"

"Hii ni ya kanisa. Ongeza."

"Msasa umeisha meno kabisa, mzee."

"Kwani lile jiwe lako liko wapi?"

Uso wa Apeduno ukafunguka. Tangu aanze kazi ya mbao alikuwa hajathubutu kulitoa lile jiwe mbele ya Okal, kwa jinsi alivyolicheka. "Kumbe jiwe linaruhusiwa?"

"Ni mkono wako. Wewe ongeza tu."

Ndivyo Okal alivyofanya. Hakumwaga mafuta ya taa kwenye ubao. Hakuupaka nta ya mshumaa. Mkono wake haukugusa kitu. Alisema neno tu, tena neno lililofanana na sifa.

Siku tatu Apeduno alisugua kwa jiwe. Jioni ya kwanza akauliza, Okal akasema, "Inakuja, inakuja." Ya pili akauliza, akasema, "Mama, una mkono. Endelea." Ya tatu ubao uling'aa kama pembe. Ukiusimamia mbele uliona kivuli cha uso wako ndani yake. Wanawake wa foleni ya posho waliingia wawili wawili kujitazama, wakirekebisha vitambaa vya kichwa. Mmoja akasema, "Mwalimu asichore kitu hapa. Atuachie kioo." Apeduno alicheka mpaka machozi, na aliyaacha yale machozi yakauke yenyewe kwa sababu mikono yake ilikuwa imechubuka.

Okal aliona ile michubuko. Usiku hakulala vizuri, lakini asubuhi alikwenda kazini kama kawaida.

Olinga akarudi na bluu yake. Kama Okal alivyojua, alikwenda kwanza kwenye ubao na kiganja. Akaupapasa muda mrefu. Akasema neno moja la Kiteso ambalo Okal hakulielewa, lakini Apeduno alilielewa, akainamisha kichwa kwa furaha.

Kisha akaanza kuchora. Alichora mistari ya wavu kwa rangi nyepesi iliyochanganywa na tapentaini, naye akaona rangi inakusanyika vitone, kama maji juu ya jani la nduma. Akadhani ni tapentaini ya Nairobi. Akaongeza rangi nzito, nayo ikateleza chini ya brashi. Siku nzima alipigana nayo. Akaiacha siku tano ikauke. Siku ya sita alipitisha kitambaa kikavu juu ya bega la Petro, na bega la Petro likatoka kwenye kitambaa kama ganda la kitunguu.

Olinga hakupiga kelele. Alikwaruza kwa ukucha hapa na pale. Kila mahali ilitoka.

"Umeteleza," akasema. "Ubao umeteleza. Umekufa meno yote." Akamgeukia Apeduno, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mama, hii siyo nyumba. Imebaki wiki nne sherehe ifike. Nilikosea mimi kukupa kazi kubwa mapema. Nenda nyumbani kwanza. Okal, anza upya. Kwarua yote mpaka kwenye kitambaa."

Basi hicho hapo. Alichokitaka Okal kilikuwa kimewekwa mkononi mwake, na hakuna aliyemwona akikiomba. Alichukua kisu cha kukwarulia. Alitazamia moyo upumue.

Apeduno alikuwa anakusanya madebe yake. Hakulia. Alipofika karibu na Okal akasimama, akampa mkono kwa heshima, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha wa kulia.

"Mzee, asante. Usisikie vibaya kwa ajili yangu. Wewe ulijaribu. Kila siku uliniambia niongeze, na mimi niliongeza. Labda nilikosea kushika jiwe."

Brashi ya Olinga ilikuwa inagongagonga kopo akiiosha. Ikaacha kulia.

"Nani alisema uongeze?"

"Mzee. Mimi nilitaka kuacha kwa msasa. Akasema ya kanisa inataka zaidi."

"Na jiwe?"

"Ni yeye alinikumbusha, Mwalimu. Mimi nilikuwa naogopa." Alisema kwa kumtetea, maskini. Alidhani anamwongezea Okal sifa.

Olinga akamtazama Okal. Kinu cha posho kilikuwa kinanguruma upande wa pili wa ukuta, na Okal alitamani kizidi.

"Okal. Ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema macho yamezeeka, au mwanamke amesikia vibaya. Lakini mkono wa Apeduno ulikuwa bado ndani ya mkono wake, na alikuwa anayasikia magamba ya ile michubuko.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ya msasa ubao ulikuwa tayari. Ulikuwa mzuri. Nilijua, nikamwambia aongeze."

Apeduno akavuta mkono wake taratibu.

"Kwa nini?" Olinga akauliza.

Jibu lilipotoka lilikuwa la kitoto kiasi kwamba Okal mwenyewe alilionea haya. "Wewe ubao wake unaupapasa."

"Napapasa?"

"Wangu miaka sita hujawahi kuugusa hata mmoja."

Olinga akakaa juu ya debe la chaki. Akaanza kucheka, kicheko kisicho na furaha. "Wee mtu! Wake nagusa kwa sababu siujui! Najihakikishia. Wako nitaugusa nikitafuta nini? Wewe ukiamka asubuhi unapapasa sakafu kuuliza kama bado iko?"

Hilo lilimuuma Okal kuliko kutukanwa, kwa sababu sasa aliona kwamba alichokitaka alikuwa nacho wakati wote, akakivunja kwa mkono wa mtu mwingine.

"Ubao ni wa huyu mama," Olinga akasema. "Atakwarua, atapaka, atasugua. Na wewe utamfundisha yote. Nasema yote, Okal. Hata gundi."

"Mwalimu, gundi..."

"Hata gundi. Ama nirudishe seremala wa majeneza kwenye majeneza yake."

Apeduno ndiye aliyesema mwisho siku ile. Alishusha madebe yake chini tena, akamwambia Okal bila kumtazama, "Mikono yangu ilitoka damu, mzee." Basi.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo walipatana kama watu wa kwenye hadithi. Wiki nzima Apeduno alifanya kazi bila kuimba. Alimwuliza Okal maswali mafupi na akayapima majibu kwenye kipande cha ubao kabla ya kuyaamini. Okal alimfundisha kila kitu, na kwa kila kitu alichofundisha alihisi kama mtu anayegawa shamba kabla ya kufa. Lakini gundi hakuifikia. Alikuja mapema, kabla jua halijachomoza vizuri, akaipika, akamkuta Apeduno akiingia wakati kopo liko tayari.

Siku ya tatu ya namna hiyo Apeduno alilitazama kopo, akasema, "Mwalimu alisema hata gundi."

"Kesho."

"Jana pia ilikuwa kesho."

Siku iliyofuata Okal alifika kukiwa bado na ukungu, akamkuta mwanamke amekaa mbele ya mafiga, moto umewaka, sufuria moja iko ndani ya nyingine, amejifunga kanga kama mtu aliyekuja msibani na hana haraka ya kuondoka. Alikuwa ametembea kutoka kwa shemeji yake, alikokuwa akilala siku zile. Okal akasimama mlangoni. Halafu akaingia, na kwa mara ya kwanza akakaa sufuria ikiwa kati yake na mtu mwingine, mgongo wake ukielekea nje.

Akamweleza. Vipande kiasi gani kwa maji kiasi gani. Moto wa namna gani: maji ya nje yatabasamu lakini yasicheke. Na kipimo cha mwisho, ambacho hakuwahi kumwambia hata Phelister. Unachota kijiko kimoja, unakiweka kwenye kisahani, unaacha kipoe mpaka kigande na kutetemeka. Kisha unaingiza vidole viwili na kukitanua. Kikikataa kupasuka, gundi ni nyepesi. Kikipasuka safi kama kioo, ni kali. Kinachotakiwa ni kipasuke na kuacha kingo zenye mikwaruzo, kama tonge la ugali lililovunjwa.

Kisahani kikapoa. Okal akaingiza vidole, akatanua. "Hiyo hapo," akasema. "Imekubali."

Apeduno akasogea. Akaingiza vidole vyake upande mwingine, akatanua, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mzee, hii ni kali."

"Siyo kali."

"Angalia kingo. Ni safi. Imepasuka kama ini lililokatwa kwa kisu."

Okal akachukua kisahani, akaenda nacho mlangoni kwenye mwanga. Alikigeuza hivi na hivi. Kingo zilikuwa safi. Jana jioni, akiwa na hasira, alikuwa ameloweka vipande bila kupima, akaongeza konzi moja juu. Miaka sita mgongo wake umelinda ile sufuria, na mtu aliyeiona asubuhi moja tu ndiye amekuta kosa ndani yake. Ule mwiba ulimgeuka kooni mpaka macho yakaingia maji. Hakuna aliyekuwa pale ila wao wawili. Olinga hajafika. Angesema imekubali, ingekuwa imekubali, kwa kuwa gundi ilikuwa yake. Na mwakani, jua la Matayos likiingia dirishani mwa kanisa, ubao ungepasuka, na wangesema ni mkono wa nani?

Akarudi kwenye mafiga. Akachota maji kwenye mtungi, akayamimina kidogokidogo, akakoroga.

"Umeona vizuri," akasema. Ilitoka kama mtu anayetema jino. "Ni kali. Ningeharibu."

Apeduno alishika kijiko, akachota tone lingine kwenye kisahani, wakakaa wakisubiri lipoe. Baada ya muda alianza kuimba kwa pua, si kwa ajili ya Okal, ni mazoea tu.

Wiki ya sherehe picha ilipelekwa Matayos kwenye lori, imefungwa mablanketi. Ilishika. Watu waliwatambua jamaa zao kwenye nyuso za wavuvi, wakabishana kuhusu aina ya samaki. Hakuna aliyeuliza juu ya ubao. Okal na Apeduno walisimama nyuma kabisa, kila mmoja nguzo yake, wakiitazama kwa jicho lile la watu wasioona Petro bali wanaona kilicho chini yake.

Walifanya kazi pamoja miaka mingine kumi na moja. Wanaowajua wanasema hawakuwa marafiki, na wanasema pia hakuna mmoja aliyepeleka ubao kwa Mwalimu kabla mwenzake hajautia mkono.

Lakini siku ile ya gundi, Okal aliporudi nyumbani mchana, Phelister alimwona jinsi alivyokaa, akajua.

"Ni yule mwenye mikono tena?"

"Leo amenikuta na kosa. Kwenye gundi."

Phelister akageuka kabisa. Habari za gundi alikuwa hajawahi kuzisikia. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ameona vizuri."

"Wewe? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

Phelister akavuta kigoda, akaketi karibu naye, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masika. "Na roho, Baba Ouko? Imetulia sasa?"

Okal akafikiri, maana alitaka kumjibu kweli.

"Hapana," akasema. "Inauma vilevile. Lakini ule ubao utashika."